Jicho Moja Kwanza, Mawili Baadaye: Jinsi Uwezo wa Kuona Unavyojengeka kwa Mtoto Mchanga

Macho ya mtoto wa wiki tano yakipishana kidogo anapomtazama mama yake, kwa kawaida hakuna la kuhofia. Ya mtoto wa miezi sita yakifanya hivyo hivyo, huyo apelekwe kwa daktari wa macho bila kungoja. Dalili ni ileile, umri tu ndio umebadilika. Mzazi anayeambiwa "akikua yatajinyoosha" huenda ameambiwa ukweli, na huenda amepotezewa miezi ambayo haitarudi. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili kabla ya kuuliza mtoto ana miezi mingapi.

Umri una uzito huo kwa sababu mtoto ana kazi mbili za kujifunza, si moja. Ya kwanza ni kila jicho kuona kwa ukali likiwa peke yake. Ya pili ni ubongo kuzichukua picha za macho mawili, kuzifanya moja, na kusoma kina cha vitu kutokana na tofauti ndogo zilizomo kati ya picha hizo. Kazi hizi hazianzi pamoja, hazikomai pamoja, na mtoto anaweza kufaulu moja akafeli nyingine. Mambo mengi yanayowachanganya wazazi kuhusu makengeza, jicho vivu (lile linaloona hafifu kwa sababu ubongo haukujifunza kulitumia) na kuzibwa jicho yananyooka mara tu kazi hizi mbili zikitenganishwa.

Jicho la mtoto mchanga linaona nini

Jicho la mtoto aliyezaliwa kwa wakati lina urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima hufika milimita 23 au 24, na sehemu kubwa ya urefu huo huongezeka katika miaka miwili ya kwanza. Kwa kuwa jicho bado ni fupi, picha huangukia nyuma ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, na vipimo vya watoto wengi wachanga huonyesha upungufu wa wastani wa dayopta +2 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Hiyo ni hali ya kawaida, wala haihitaji miwani. Jicho linaporefuka, nguvu ya konea (kioo cha mbele cha jicho) na ya lenzi hupungua kwa kufuatana na urefu huo, na upungufu hujimaliza wenyewe kidogo kidogo.

Hata hivyo, ukungu anaouona mtoto mchanga hausababishwi hasa na lenzi. Ungempa miwani iliyopimwa kwa usahihi wote, bado asingeona vizuri. Tatizo kubwa liko nyuma ya jicho, kwenye fovea, kile kishimo kidogo katikati ya retina ambacho mtu mzima hukitumia kusoma na kutambua sura. Wakati wa kuzaliwa, seli za koni, zile zinazonasa nuru na rangi, zilizopo hapo ni fupi, nene na zimeachana, kwa hiyo mwanga mwingi hupita katikati yake bila kunaswa. Tabaka nyingine za retina nazo bado hazijasogea pembeni kuipisha nuru. Kishimo huchukua zaidi ya mwaka kupata umbo lake, na msongamano wa koni huendelea kuongezeka hadi mtoto anapita miaka minne.

Ukipima ukali wa kuona kwa mtindo wa kliniki, mtoto mchanga yuko kati ya 6/120 na 6/240. Maana yake, alama ambayo jicho la kawaida linaitambua kwa umbali wa mita 120 au 240, yeye inabidi aikaribie hadi mita 6. Sura iliyo sentimita 25 au 30 mbele yake anaiona kama umbo: mstari wa nywele, macho, mdomo unaosogea. Kasi ya kuboreka ni kubwa mno katika miezi sita ya kwanza, kisha hupungua. Akifika miezi sita, wengi wako karibu na 6/30. Kiwango cha mtu mzima hufikiwa kati ya miaka mitatu na mitano, na kwa vipimo vya herufi huchelewa zaidi kidogo.

Rangi zina historia fupi. Nyekundu na kijani huanza kutofautishwa kufikia mwezi wa pili, na kufikia mwezi wa tatu mtoto ana mfumo wa rangi unaofanana na wa mtu mzima, ingawa anahitaji rangi iliyokolea na yenye eneo kubwa.

Utapimaje mtu asiyesema?

Robert Fantz, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba mtoto mchanga akipewa vitu viwili vya kutazama, hukitazama zaidi kile chenye michoro kuliko kilicho tupu. Davida Teller na wenzake walikigeuza kitabia hicho kuwa kipimo. Mpimaji hushika kadi ndefu ya kijivu. Upande mmoja una mraba wa mistari myeusi na myeupe, upande mwingine hauna kitu, ila wastani wa mwangaza ni uleule. Katikati ya kadi pana tundu dogo. Mpimaji hajui mistari iko kulia au kushoto. Anachungulia tunduni, anaangalia macho ya mtoto yameelekea wapi, kisha anaamua. Mtoto akiona mistari, macho humkimbilia upande huo. Asipoiona, kadi yote kwake ni kijivu, na macho hutangatanga. Kadi hubadilishwa, mistari ikizidi kuwa myembamba, hadi mpimaji anaposhindwa kukisia kwa uhakika. Umbali ni sentimita 38 kwa mtoto ambaye hajavuka miezi sita na sentimita 55 kwa aliyevuka.

Kuna kanuni ya kukadiria inayotokana na kadi hizi: katika mwaka wa kwanza, idadi ya jozi za mistari ambazo mtoto anaweza kuzitofautisha ndani ya digrii moja hukaribiana na umri wake kwa miezi. Wa mwezi mmoja, jozi moja. Wa miezi minne, nne hivi. Mtu mzima mwenye 6/6 hutofautisha jozi 30. (Ukinyoosha mkono, upana wa kidole gumba chako ni kama digrii mbili.)

Kipimo hufanywa kwanza kwa macho yote mawili, halafu jicho mojamoja, lingine likiwa limezibwa kwa plasta. Hatua hii ya pili ndiyo yenye thamani, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu mtoto amechoka au analia. Kipimo cha macho mawili kwa pamoja hukuambia tu hali ya jicho lililo zima kuliko lingine.

Nyaya zinazokutana ubongoni

Nyuzi za neva kutoka kila jicho hufika mahali pa kupishana, na zaidi kidogo ya nusu yake huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Kwa mpango huo, kila upande wa ubongo hupokea habari za nusu moja ya dunia kutoka macho yote mawili. Lakini habari hizo bado hazijachanganyika. Kwenye kituo cha kati, ndani kabisa ya ubongo, zipo tabaka sita, na kila tabaka ni la jicho moja tu: tatu za hili, tatu za lile. Mchanganyiko wa kweli hufanyika hatua inayofuata, kwenye gome la ubongo la kuonea lililo kisogoni. Hapo ndipo zinapopatikana seli zinazoitikia macho yote mawili.

Nafasi kwenye gome hilo hugombewa. David Hubel na Torsten Wiesel, watafiti wa ubongo, walilithibitisha hilo katika miaka ya 1960 kwa paka wachanga, na mwaka 1981 walipata Tuzo ya Nobel. Walishona kope za jicho moja, wakaja kulifungua baadaye. Jicho lenyewe lilikuwa zima na retina yake ilifanya kazi, lakini karibu seli zote za gome zilikuwa zimehamia kwa jicho lililobaki wazi. Katika kipindi nyeti kabisa, siku tatu au nne tu za kufungwa zilitosha kuleta athari. Paka mzima akifungwa jicho kwa muda mrefu zaidi, hakuna kinachobadilika.

Tokeo lililowashangaza wengi ni la paka waliofungwa macho yote mawili. Mtu angetarajia hasara maradufu, ila seli nyingi ziliendelea kuitikia macho yote. Kumbe kinachoua jicho si giza peke yake. Ni kushindwa na mwenzake katika kuvutana kamba. Katika tiba ya watoto hili ndilo la kushika: jicho moja lenye kasoro na lingine zima ni dharura kubwa kuliko macho mawili yenye kasoro ndogo inayolingana. Ndiyo sababu pia daktari hafungi jicho la mtoto mchanga kwa bandeji siku nyingi mfululizo kama hakuna sababu nzito.

Mwezi wa nne

Katika wiki za mwanzo, macho ya mtoto hayajajua kwenda pamoja. Mara nyingi jicho hukimbilia nje kwa sekunde chache, mara nyingine huingia ndani, kisha hurudi. Hali hii hupungua sana kufikia miezi miwili, na kufikia miezi minne inatakiwa iwe imekwisha. Katika muda huo mtoto anajifunza kuzungusha macho yote mawili kuelekea puani kitu kinaposogea karibu, na kurekebisha lenzi kwa wakati uleule.

Kisha huja mabadiliko ya ghafla. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano, kwa wastani karibu na mwezi wa nne, mtoto ambaye jana hakuonyesha dalili yoyote ya kuona kina kwa macho mawili anaanza kukiona. Watafiti walilijua hili kwa kumvalisha miwani maalumu na kumpa machaguo mawili: upande mmoja picha bapa, upande wa pili picha ambayo sehemu yake huonekana imechomoza endapo tu macho yote mawili yanashirikiana. Vitone vilivyotapakaa ovyo, ambavyo Béla Julesz alivitumia kuanzia mwaka 1960, vinafaa sana hapa, maana jicho moja peke yake halioni umbo lolote ndani yake. Tangu uwezo huo unapojitokeza, ndani ya wiki chache tu huboreka hadi tofauti ya sehemu moja ya 60 ya digrii kati ya picha mbili. Kwa mtoto ambaye mboni zake zimeachana milimita 40 na kidogo, na kitu kikiwa nusu mita mbele yake, hiyo ni tofauti ya kina ya milimita mbili hivi. Linganisha na ukali wa jicho moja, ambao hupanda polepole kwa miaka.

Katika umri huohuo kitu kingine hubadilika. Mtoto wa miezi miwili akionyeshwa mistari ya wima kwa jicho moja na ya mlalo kwa jicho jingine, hutazama kwa utulivu, kana kwamba anaona wavu. Baada ya mwezi wa nne huikwepa picha hiyo. Ubongo wake sasa unajua kwamba macho mawili yanasema mambo yasiyopatana.

Watoto njiti wanathibitisha kwamba ratiba ni mbili kweli. Ukali wao wa jicho mojamoja hufuata zaidi umri uliorekebishwa, yaani ukihesabu kutoka tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa. Ushirikiano wa macho mawili, kinyume chake, huanza muda uleule baada ya kuzaliwa kama kwa watoto wa miezi tisa: ubongo unasubiri kuanza kutumia macho, haungojei kalenda ya mimba. Kwa upande wa makengeza, hata hivyo, madaktari wengi bado hurekebisha umri kabla ya kutia shaka.

Je, asiyeona kwa macho mawili haoni kina kabisa? Anaona. Kitu kinachokua haraka mbele ya uso humfanya hata mtoto wa miezi michache apepese kope. Dalili za kwenye picha, kama vile kitu kimoja kufunika kingine au ukubwa unaozoeleka, huja mwisho: ukiziba jicho moja la mtoto wa miezi saba, hunyoosha mkono kuelekea kile kinachoonekana kuwa karibu, wa miezi mitano bado. Kwa hiyo mtoto mwenye jicho moja zima hutambaa, hushika na hucheza vizuri tu. Hii ni habari njema, lakini pia ndiyo inayofanya tatizo lisigundulike.

Panapoharibika

Makengeza ya utotoni, yale ya jicho kuingia ndani kwa pembe kubwa kabla ya miezi sita, hushambulia ile kazi ya pili. Mtu mzima akipata makengeza ghafla huona vitu viwiliviwili. Mtoto haoni hivyo, kwa sababu ubongo wake huizima picha moja. Kama anabadilisha macho, leo anatazama kwa la kulia, kesho kwa la kushoto, kila jicho linaweza kuwa na ukali mzuri kabisa huku uwezo wa kuunganisha picha ukiwa haupo. Kama siku zote anatumia jicho lilelile, lile lililopinda hudhoofika pia. Upasuaji wa misuli kwa kawaida hufanywa kabla ya miaka miwili, na wapo madaktari wanaoufanya kuanzia miezi sita, kwa sababu kadiri macho yanavyokaa muda mfupi yakiwa yamepinda ndivyo mtoto anavyobaki na nafasi ya kupata walau kiasi fulani cha kuona kina. Makengeza yanayoanza kwenye miaka miwili au mitatu mara nyingi ni ya aina nyingine: mtoto ana upungufu mkubwa wa dayopta za kujumlisha, anajikaza kulenga, na kule kujikaza huvuta macho ndani. Hapo miwani pekee inaweza kuyanyoosha.

Tofauti ya nguvu kati ya macho hufanya kinyume chake: hushambulia ile kazi ya kwanza. Jicho moja likiwa +1 na lingine +4, macho yamenyooka, sura ni nzuri, mtoto anacheza. Ila lenzi za macho mawili hulenga kwa kiasi kimoja, na mtoto hulenga kwa kiasi kinacholiridhisha jicho jepesi. Lile la +4 halipati picha safi hata siku moja. Hili ndilo jicho vivu ambalo wazazi hawawezi kuliona kwa kumtazama mtoto, na ndilo hoja kubwa ya kupima watoto wote badala ya kungoja dalili.

Mbaya kuliko yote ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, hasa akiwa mzito na kwenye jicho moja. Upasuaji unatakiwa uwe umefanyika ndani ya wiki sita hivi tangu kuzaliwa. Kwa macho yote mawili, muda huongezeka kidogo hadi wiki nane au kumi. Madaktari hawaharakishi kabla ya wiki ya nne, kwa kuwa hatari ya presha ya macho baadaye huongezeka. Na upasuaji ni mwanzo tu. Jicho lililotolewa lenzi linahitaji lenzi ya kuvaa juu ya jicho au miwani, na lile zima lazima lizibwe kila siku. Katika jaribio kubwa la Marekani lililohusisha watoto 114 wenye tatizo hilo kwenye jicho moja, mpango ulikuwa saa moja ya kuziba kwa siku kwa kila mwezi wa umri hadi miezi minane, kisha nusu ya muda ambao mtoto yuko macho.

Vipimo vya dakika mbili

Mwanga mwekundu: chumba kiwe na giza kiasi, daktari au muuguzi amulike kwa kifaa cha kuangalizia macho kutoka nusu mita hivi, macho yote mawili kwa pamoja. Mboni zote zing'ae kwa rangi inayofanana. Upande ulio mweusi, mweupe au hafifu kuliko mwenzake unahitaji rufaa, na mweupe ni rufaa ya haraka, kwani unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya retina. Picha ya simu yenye mwanga wa flashi ikionyesha mboni moja nyekundu na nyingine nyeupe isipuuzwe, hata kama ni mara moja.

Nukta ya mwanga: shika tochi ndogo sentimita 30 hadi 40 mbele ya mtoto, mtoto aitazame. Nukta inayong'aa juu ya kila jicho ikae mahali palepale pande zote. Kuelekea puani kidogo katika macho yote ni kawaida kwa mchanga. Ikiwa katikati upande huu na pembeni upande ule, ni makengeza. Kipimo hiki huokoa wazazi wengi hofu, maana mtoto mwenye daraja pana la pua na mkunjo wa ngozi kwenye pembe ya jicho huonekana ana makengeza wakati nukta ziko sawa. Makengeza madogo sana hayaonekani kwa njia hii.

Kuziba: mtoto akitazama kitu anachokipenda, ziba jicho moja kwa kiganja bila kugusa, kisha lingine. Akitulia ukiziba la kushoto lakini akalia, akageuza kichwa na kusukuma mkono ukiziba la kulia, basi la kulia ndilo analolitegemea. Rudia siku nyingine kabla ya kuamua. Watoto hukasirika kwa sababu elfu.

Asipotazama uso machoni na kuufuata kufikia miezi mitatu, hapo pia usingoje.

Kuziba jicho zima

Kwa jicho vivu la kawaida, tiba huanza na miwani peke yake, ivaliwe siku nzima kwa wiki 16 hadi 18. Kwa baadhi ya watoto wenye tofauti ya nguvu, takribani robo katika utafiti mmoja, hiyo ilitosha. Wanaobaki huzibwa jicho zima: saa mbili kwa siku kwa udhaifu wa wastani, saa sita kwa ule mkubwa. Majaribio ya Marekani kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba hayakuona faida ya kuzidisha hapo. Plasta ibandikwe kwenye ngozi, miwani ije juu yake. Kitambaa kilichotundikwa kwenye kioo cha miwani ni rahisi mno kuchunguliwa pembeni, na mtoto wa miaka mitatu hugundua hilo siku ya kwanza. Njia mbadala ni tone la atropini kwenye jicho zima mwishoni mwa wiki, linalolitia ukungu; hilo ni la kuandikiwa na daktari tu.

Mtoto akiwa mdogo zaidi, tarehe za kurudi kliniki husogezwa karibu. Jicho zima la mtoto wa miezi kumi likizibwa kupita kiasi nalo hudhoofika, kwa sheria ileile waliyoiona Hubel na Wiesel, kwa hiyo kila ziara hupimwa macho yote mawili, si lile vivu tu. Baada ya kuziba kusimamishwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hurudi nyuma ndani ya mwaka wa kwanza, hasa aliyekuwa akizibwa saa nyingi kisha akaachishwa ghafla. Ndiyo maana saa sita hushushwa kwanza hadi mbili kwa wiki kadhaa kabla plasta haijaachwa kabisa.